Umbali na Ulinzi: Viwanja vya Ndege vya Kasulu na Kibondo katika Historia ya Jeshi la Anga la Tanzania

Utangulizi

Historia ya Jeshi la Anga la Tanzania kwa kawaida huelezwa kutoka kwenye vituo vyake vikubwa, yaani Dar es Salaam, Ngerengere na Mwanza. Mtazamo huo una sababu zake, kwa kuwa ndege, karakana, maghala ya mafuta na marubani viko huko. Hata hivyo, mtandao wa anga hauundwi na vituo vikuu pekee. Unaundwa pia na viwanja vidogo vya udongo na changarawe ambamo ndege hutua inapobidi, hasa katika wilaya zilizo mbali na reli na bandari. Insha hii inachunguza nafasi ya nyanda za juu za Buha, yaani Kasulu na Kibondo, katika mtandao huo. Hoja yake kuu ni kwamba, zaidi ya umbali wenyewe, aina ya ndege iliyochaguliwa na dola ndiyo iliyoamua iwapo nyanda hizo zingekuwa ndani ya ulinzi wa anga au nje yake.

Anga kabla ya jeshi la taifa

Mkoa wa Kigoma ulionja vita vya anga mapema. Katikati ya mwaka 1916, marubani wa Kibelgiji waliokuwa na ndege nne za majini aina ya Short, zilizoazimwa kutoka Uingereza, waliishambulia bandari ya Kigoma kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Shabaha yao ilikuwa meli ya Kijerumani Graf von Götzen. Ndege hizo ziliruka kutoka kwenye maji, bila kuhitaji kiwanja cha nchi kavu. Kwa hiyo, tangu mwanzo, uwezo wa kuifikia Kigoma kwa anga ulitegemea ulinganifu wa ndege na mahali pa kurukia.

Chini ya utawala wa Kiingereza, Buha iligeuzwa kuwa hifadhi ya nguvukazi, na manamba walisafirishwa kwenda mashamba ya mkonge ya mashariki. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, iliipita Kasulu na Kibondo kwa mbali. Katika mazingira hayo, kiwanja cha wilaya kilikuwa chombo cha utawala kabla ya kuwa chombo cha ulinzi.

Kutoka Caribou hadi ndege za jeti

Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa Septemba 1964, baada ya maasi ya askari ya Januari mwaka huo. Ujerumani Magharibi, iliyokuwa imeanza kusaidia kuunda kikosi cha anga, iliondoa msaada wake wa kijeshi mapema mwaka 1965 kutokana na mgogoro kuhusu uwakilishi wa Ujerumani Mashariki. Kanada ilichukua nafasi hiyo hadi mwaka 1970. Ilifundisha marubani na mafundi, na kikosi kikapata ndege za uchukuzi za Otter na Caribou.

Uchaguzi huo ulikuwa na maana kubwa kijiografia. Ndege hizo zilibuniwa kuruka na kutua katika masafa mafupi, juu ya ardhi isiyo na lami. Kwa ndege ya namna hiyo, kiwanja cha wilaya kilichofyekwa vizuri kilikuwa kituo kamili. Kwa nadharia, Kasulu na Kibondo zilikuwa sehemu ya mtandao sawa na Dodoma au Tabora.

Baada ya mwaka 1970, China ilishika nafasi ya Kanada. Kituo cha Ngerengere kilijengwa kwa msaada wake, na ndege za kivita za jeti zikaingia nchini, zikafuatwa na MiG-21 za Kisovieti. Jeti iliongeza nguvu ya jeshi, lakini ilipunguza idadi ya mahali ambapo nguvu hiyo ingeweza kukaa. Ilihitaji lami ndefu na ngumu, mafuta maalumu na karakana ya kudumu. Ngerengere iko takriban kilomita 900 kutoka Kasulu, na Mwanza karibu kilomita 400. Mtandao ulipata meno, lakini ukafupisha mikono.

Mtihani wa mwaka 1973

Udhaifu huo ulidhihirika mapema. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka na kuingia Kigoma. Mwaka 1973, majeshi ya Burundi, zikiwamo ndege zake, yalivishambulia vijiji vya Tanzania mpakani, na raia wakauawa. Kwa wakazi wa Buha, anga ilikuwa imegeuka njia ya adui, ilhali ndege za nchi yao zilikuwa mbali.

Jibu la Tanzania halikutoka angani. Wafanyakazi wa bandari walisusia mizigo ya Burundi, na hatimaye suluhu ikapatikana kwa upatanishi wa Rais Mobutu wa Zaire. Wakati huohuo, wakimbizi walihamishiwa katika makazi ya ndani zaidi: Ulyankulu, Katumba na, baadaye, Mishamo. Inaweza kudaiwa kwamba hizo zilikuwa hatua za kidiplomasia na za kibinadamu tu. Lakini zikisomwa pamoja na ramani ya viwanja, zinaonyesha mantiki nyingine: pale ambapo ndege hazikuweza kusogezwa karibu na mpaka, watu ndio waliosogezwa mbali nao.

Vita vya Kagera vya 1978–1979 viliuimarisha mwelekeo huo. Mwanza ilikuwa kituo cha mbele cha ndege za kivita, na kwa sababu hiyo ikawa shabaha: Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilijaribu kuupiga mji huo, mabomu yake yakakosa shabaha. Macho ya ulinzi yakabaki kaskazini.

Matumizi mapya

Viwanja vya nyanda za juu vilipata umuhimu upya kwa njia isiyo ya kijeshi. Baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye wa Burundi Oktoba 1993, na vita vya Zaire vya mwaka 1996, kambi za Mtabila, Nyarugusu, Nduta na Kanembwa zilijaa wakimbizi, na ndege ndogo za mashirika ya misaada zikawa sehemu ya maisha ya wilaya hizo. Viwanja ambavyo jeti ilikuwa imevipita vikarudia kazi ambayo Caribou ingeweza kuifanya. Mtabila ilipofungwa mwaka 2012, eneo lake lilichukuliwa na Jeshi la Kujenga Taifa: jeshi liliingia Kasulu kwa jembe na gwaride, si kwa bawa.

Hitimisho

Uchambuzi huu unaonyesha kwamba kiwanja kidogo si pengo katika mtandao wa anga, bali ni kipimo chake. Kati ya 1965 na 1973 Tanzania ilibadili ndege zake, na kwa kufanya hivyo ikabadili ramani ya waliolindwa. Watu wa Buha walilipa sehemu ya gharama ya uamuzi huo. Historia ya ulinzi wa taifa itakayoandikwa kutoka Ngerengere pekee haitawaona.