Uso wa Tarbushi

Katika picha za zamani, askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, hutambulika upesi kwa tarbushi zao. Wengi wetu tukiitazama kofia hiyo huona rangi, umbo na kishada. Lakini aijuaye kazi yake huipapasa kwanza. Thamani ya tarbushi njema imo katika manyoya mafupi yaliyoinuliwa juu ya sufu, laini kama malaika ya mkononi mwa mtoto, yote yamelala upande mmoja.

Manyoya hayo ni kazi ya mikono, na mji uliobobea katika kazi hiyo ni Tunis, ambako kofia yenyewe huitwa shashia. Ufundi huo ulistawi hasa baada ya mwaka 1609, Mfalme Philip III wa Hispania alipoanza kuwafukuza wazao wa Waislamu wa Andalusia. Maelfu yao walipokewa Tunis na mtawala wake, Uthman Dey, wakaja na ujuzi wao. Kufikia mwishoni mwa karne ya 17 watengeneza shashia walikuwa na soko lao wenyewe, karibu na Msikiti wa Zaituna. Soko hilo lingalipo.

Hakuna nyumba moja iliyofanya kazi yote. Wanawake wa Ariana walifuma kwa sindano kofia nyeupe za sufu, kubwa kupita kichwa cha mtu yeyote. Kofia hizo zilipelekwa El Batan, kando ya mto Medjerda, zikagongwagongwa kwa mitambo iliyoendeshwa na maji, huku zimeloweshwa maji moto na sabuni. Unywele wa kondoo una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho; ukipata joto, unyevu na msuguano, magamba hayo hunasana na hayaachani tena. Kofia husinyaa hadi karibu nusu ya ukubwa wake, matundu ya kufumia yakafutika, kikabaki kitu kimoja kizito kisichoonyesha uzi wowote.

Kwangu mimi, ustadi wenyewe huanzia hapo. Fundi huchukua kichwa kikavu cha ua la miiba, ambalo ncha zake zimepinda mithili ya ndoana, akakipitisha juu ya kofia mara nyingi, polepole, bila kukandamiza. Kila ncha huvuta mwisho wa unywele mmoja na kuusimamisha. Ikikutana na unywele uliogoma kutoka, ncha hupinda au hukatika, sufu ikabaki salama. Waya wa chuma hauna huruma hiyo. Hung'oa na kuacha upara. Wenye viwanda vya nguo za sufu Uingereza walilijua hilo pia, ndiyo maana waliendelea kufunga vichwa vya ua hilo kwenye mashine zao hata chuma kilipokuwa tele.

Rangi ilitiwa Zaghouan, kwa maji ya chemchemi zilezile ambazo maji yake Warumi waliyapeleka Carthage kwa mfereji mrefu. Wekundu wa zamani ulitokana na wadudu wadogo waliokusanywa kwenye miti ya mwaloni. Baadaye kofia ilirudi Tunis, ikavishwa kalibu, ikachanuliwa upya na kushindiliwa.

Ulaya na Marekani nako mafundi waliushughulikia uso wa kofia: ama waliusugua kwa msasa hadi ukateleza, ama waliyainua manyoya marefu yang'ae. Ila wao walipenda manyoya ya biva na ya sungura, na haya ya sungura hayashikani kwa urahisi, hivyo waliyapaka dawa yenye zebaki. Mvuke wake uliwaharibu wafanyakazi mishipa ya fahamu. Katika mji wa Danbury, Connecticut, kutetemeka kwa mikono kulikuwa alama ya mtengeneza kofia, na Marekani iliachana na dawa hiyo mwaka 1941 tu. Sufu ya kondoo haikuhitaji sumu hiyo.

Katika miaka ya 1820 Mahmud II, Sultani wa dola ya Osmani, alilivisha jeshi lake tarbushi, na Tunis ikapata soko kubwa. Neema hiyo haikudumu. Istanbul ilijenga kiwanda chake katika miaka ya 1830, na viwanda vya Austria navyo vikashindana na Tunis. Kisha Uturuki ikapiga marufuku tarbushi mwaka 1925, na Misri ikaiacha baada ya mapinduzi ya 1952. Viwanda viliweza kuiga wekundu na umbo. Lakini tarbushi ya Istanbul ni ngumu, hujisimamia kichwani. Shashia ya Tunis hukunjika mkononi na kurudi ilivyokuwa, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi bora zaidi.

Kama sandukuni mwenu mna tarbushi ya babu, msiifue kwa maji moto, kwani itasinyaa. Ipigeni brashi laini ikiwa kavu, mkifuata mlalo wa manyoya, kisha muihifadhi mbali na nondo, maana mabuu yao huanza kula manyoya hayohayo.