Kukandwa kwa Wachezaji wa Kathakali

Lugha yetu ina maneno matatu yaliyo jirani: kukanda, kuchua na kusinga. Mwenye kuumwa na kiuno hukandwa. Aliyeteguka mguu huchuliwa. Bibi arusi husingwa. Katika yote matatu mwili umekwisha kuwapo, nasi twautuliza, twauponya au twaupamba. Lakini katika nchi ya Kerala, pwani ya kusini-magharibi ya Bara Hindi, iko kazi inayofanana na hizo kwa nje tu, maana kwa kazi hiyo mwili wa mchezaji huumbwa upya. Wenyewe huiita uzhichil.

Kathakali ni mchezo wa masimulizi uliozaliwa huko katika karne ya 17. Mchezaji hasemi neno. Waimbaji husimama nyuma yake, naye husimulia habari za miungu na wafalme kwa mikono, uso na macho, na kwa desturi ya zamani tangu usiku hata alfajiri, akiwa katika mavazi mazito. Husimama amepanua magoti, na uzito wake u juu ya kingo za nje za nyayo. Msomaji na ajaribu kusimama hivyo kwa muda wa kusoma ukurasa huu, ndipo atakapotuelewa.

Pepo za kusi, zile zile zilizochukua majahazi ya pwani yetu kwenda kaskazini, hufika Kerala mwezi wa Juni na kuleta mvua nyingi. Msimu huo ndio uliochaguliwa kwa kazi hii. Kabla ya mapambazuko mwanafunzi hujipaka mafuta mwili mzima, kisha huruka na kujinyosha mpaka jasho limtoke. Ndipo hulala kifudifudi sakafuni, magoti yamepanuliwa. Mwalimu hushika kamba au mti uliofungwa juu, akamkanda kwa nyayo zake, akishuka toka mgongoni hata kiunoni na mapajani. Macho nayo yana zamu yake: hupakwa samli, kisha huzungushwa huku na huku kwa kipimo, polepole, halafu upesi, kwa muda mrefu kuliko tunavyoweza kusadiki.

Wachezaji hawakuitunga desturi hii. Waliirithi katika kalari, yaani nyua ambamo vijana walifundishwa upanga na ngao, nao walikandwa vivyo hivyo ili wapate wepesi wa vita. Mwili uliotengenezwa kwa kupigana ukageuzwa kuwa wa kusimulia.

Hatuna budi kusema juu ya maumivu, kwa kuwa yapo, na zamani wanafunzi walianza wakiwa na umri wa miaka 10 au 12. Mgeni aonaye mtu mzima akimkanyaga mtoto huita jambo hilo ukatili, wala hatumlaumu. Lakini na aitazame ile kamba. Mwalimu huuzuia kwayo uzito wake mwenyewe, na elimu yake yote i katika kujua ni kiasi gani akiachilie na kiasi gani akizuie; naye amelijua hilo kwa kuwa alilala chini vile vile miaka mingi. Asiyepitia hayo akijaribu atavunja watoto. (Mwalimu yeyote anayefikiri kuijaribu kwa wavulana wake wa mazoezi ya viungo, twamsihi aache.)

Elimu ya namna hiyo haiandikiki, kwa hiyo yaweza kufa upesi. Wakubwa waliokuwa wakiwalisha wachezaji majumbani mwao walipopungukiwa nguvu, Kathakali ilikaribia kupotea. Mwaka 1930 mshairi Vallathol Narayana Menon, pamoja na Mukunda Raja, alianzisha chuo kiitwacho Kerala Kalamandalam, ambacho baadaye kilikaa Cheruthuruthy, kando ya mto Bharathapuzha. Waalimu wa zamani wakaitwa huko, nao wakaja na desturi zao zote. Chuoni humo kukandwa wakati wa mvua kulihesabiwa kuwa sehemu ya masomo, sawa na ishara za mikono na mapigo ya miguu.