Kasoro Si Kosa

Bibi mmoja wa Kimombasa, jirani yetu hapa Sparkhill, alituletea barua ya mwenye nyumba wake. Fundi alikuwa amekagua boila, na barua ilisema imeonekana "fault". Bibi hakulala usiku ule. Neno hilo alilizoea kwa wajukuu zake wanaposukumiana lawama, kwa hiyo aliona ameambiwa yeye ndiye aliyeharibu na ndiye atakayelipa.

"Wanangu, mimi nimefanya nini?"

Tukamweleza kuwa boila ina hitilafu, basi.

Lakini neno moja limebebaje mambo mawili? Waingereza walilipata kwa Wafaransa, "faute", yapata miaka 700 iliyopita, na mzizi wake ni wa Kilatini, "fallere", yaani kuhadaa. Mwanzoni lilitaja upungufu tu, kitu kukosekana. Lawama ililipanda baadaye, mwishoni mwa karne ya 14. Hata ile L haikuwamo. Iliongezwa ili neno lifanane na Kilatini. Samuel Johnson, aliyewahi kuishi mji huu wa Birmingham miaka ya 1730, anasema katika kamusi yake ya 1755 kwamba katika mazungumzo L hiyo kwa kawaida haitamkwi.

Wakazi wengi wa Sparkhill wana asili ya Pakistani, na ukipita madukani Stratford Road utasikia Kiurdu chao kikitaja "kasur". Masikio yetu husimama, maana huyo ni ndugu wa kasoro yetu. Asili ni Kiarabu, "qusur", kupungukiwa, kutofikia. Wao wamelipeleka kwenye lawama, kama Waingereza. Sisi tumeliacha kwenye upungufu, hata tukalitia katika saa: saa mbili kasoro robo haina mkosaji, ni robo tu haijatimia.

Tusijisifu mno, lakini. Kitenzi chetu kukosa kinafanya yale yale ya Kiingereza: nimekosa nauli, nimekukosa nyumbani, nimekukosea unisamehe. Bibi mwenyewe ndiye aliyetukumbusha, akicheka, chai ikiwa mkononi.

Kuhusu boila, sheria ya mwaka 1985 inamtaka mwenye nyumba atengeneze mitambo ya joto na maji moto. Tulimwandikia barua ya mistari minne. Fundi alirudi wiki ile ile, na bibi hakudaiwa hata peni.