Neno la shaka mbele ya jina la mchawi

Ndugu msikilizaji, jina la Sumbawanga wenyeji wengi wa Ufipa hulifasiri kuwa ni "tupa uchawi". Ni amri ya kuuacha. Lakini huku mijini limegeuzwa kichwa chini: mtu akisema kwao ni Mazwi, wenzake hucheka na kumwomba asiwaroge.

Dhidi ya majina ya kubandikwa, kila lugha ina maneno ya shaka. Mwingereza husema "so-called" mbele ya jina asilolikubali, na "alleged" mbele ya kosa lisilothibitishwa. Sisi tunayo "eti", "anayejiita" na "anayedaiwa".

Mwaka 1928 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga Sheria ya Uchawi. Watawala wale hawakuziamini nguvu za uchawi, ila hofu yake hawakuweza kuipuuza. Basi wakachomeka neno "purported". Katika tafsiri ya sheria hiyo, uchawi ukawa pia ni matumizi yanayodaiwa ya nguvu za siri, na ujuzi unaodaiwa wa mambo hayo. Kujitangaza kuwa una uwezo huo ni kosa, na hakimu halazimiki kuamua kama kweli unao.

Hiyo ni shaka yenye busara. Lakini sheria hiyo hiyo ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtu anayeshukiwa kufanya uchawi akaishi mahali atakapopangiwa, iwapo anatia watu hofu. Hapo neno la shaka halikumkinga mtu. Kushukiwa tu kuliweza kumhamisha kwake.

Na kijijini je? Mwaka 1963 na 1964 kamchape walipita Ufipa wakiwapa watu dawa na kusaka pembe za uchawi. Mtaalamu wa mila Roy Willis aliandika habari zao mwaka 1968. Aliyenyooshewa kidole alitakiwa azitoe dawa zake. Hapakuwa na "anayedaiwa" hapo. Mtu alikuwa mchawi, basi.

Usukumani yakawa makubwa zaidi. Katika miaka ya 1980 na 1990 vikongwe wengi wa Shinyanga na Mwanza waliuawa kwa jina hilo. Macho mekundu, ambayo moshi wa jikoni wa miaka mingi waweza kuyaleta, yalihesabiwa kuwa ushahidi.

Ndugu msikilizaji, kusema "bibi anayedaiwa kuwa mchawi" hakutoshi, ikiwa hatumwulizi anayedai: umejuaje? Mwandishi wa habari aulize, na mwenyekiti wa kijiji aulize. Nasi tunaotania watu wa Sumbawanga tujiulize, maana mzaha wa mjini huweza kuwa shutuma ukifika kijijini. Neno la shaka lina faida pale tu linapotuzuia kunyanyua mkono.

Hadi juma lijalo, kwaherini.