Tela la Kulala: Jinsi Wamarekani Walivyojijengea Nyumba za Magurudumu

Nyumba ya magurudumu iliyojengwa na mwenye gari mwenyewe ilienea Marekani pale gari lilipokuwa la bei ambayo mkulima na fundi waliimudu. Gari hilo lilikuwa Ford Model T, lililoingia sokoni Oktoba 1908 kwa dola 850. Mwaka 1913 kiwanda cha Highland Park, Michigan, kilianza kuunganisha magari kwenye mkanda unaosogea, na bei ikazidi kushuka. Kufikia 1925 toleo la bei ya chini kabisa liliuzwa dola 260. Hadi utengenezaji uliposimamishwa mwaka 1927, Model T zaidi ya milioni 15 zilikuwa zimetoka kiwandani.

Muundo wa gari hilo ulimrahisishia kazi mtu wa kawaida. Bodi yake ilikuwa fremu ya mbao iliyovikwa bati, ikafungwa kwa bolti juu ya chesisi ya chuma. Ukifungua bolti, bodi inatoka, na chesisi inabaki tayari kubeba kitu kingine. Ford pia iliuza chesisi tupu, na mwaka 1917 ikatoa Model TT, chesisi ya lori la tani moja. Seremala mwenye msumeno na nyundo aliweza kusimamisha juu yake kibanda chenye vitanda, kabati na dirisha. Asiyetaka kibanda alikata egemeo la kiti cha mbele na kulitia bawaba, likalala nyuma na kuwa kitanda, kisha akatandaza turubai ubavuni mwa gari.

Wasafiri hawa waliongezeka baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1919, kwenye bustani ya De Soto mjini Tampa, Florida, ulianzishwa umoja ulioitwa Tin Can Tourists, yaani watalii wa makopo, na wanachama wake walitambuana kwa kopo lililolehemewa kwenye kifuniko cha rejeta. Miji mingi iliwatengea viwanja vya kupiga kambi bila malipo, ikitarajia kuwa wangenunua bidhaa madukani. Katikati ya miaka ya 1920 mingi ilianza kutoza ada, kwa kuwa wenyeji hawakutaka maskini waje na kukaa moja kwa moja.

Hatua iliyofuata ilikuwa kutenganisha chumba na gari. Chumba kikiwa kwenye tela, gari linabaki huru kwa shughuli za kila siku. Mwaka 1929 Arthur Sherman, mtaalamu wa bakteria wa Detroit, alinunua tela la hema kwa ajili ya likizo ya familia yake. Mvua ikawakuta wakihangaika kulikunjua. Alichora lake mwenyewe, sanduku la kuta ngumu lenye upana wa futi 6 na urefu wa futi 9, akasaidiwa na seremala kulijenga. Watu waliokutana nalo barabarani walitaka la kwao. Januari 1930 alilipeleka kwenye maonyesho ya magari ya Detroit, na kufikia 1936 kampuni yake, Covered Wagon, ilikuwa kubwa kuliko zote nchini humo katika biashara hiyo. Wally Byam wa Los Angeles naye alianza kwa tela alilojijengea, akauza michoro kwa waliotaka kujenga wenyewe, kisha akaanzisha Airstream, ambayo mwaka 1936 ilitoa tela la alumini lililoitwa Clipper. Katika biashara hii, uwanja wa nyumbani ulitangulia kiwanda.

Wasioweza kununua matela ya kiwandani waliendelea kujenga, nayo plaiwudi ikawapa msaada mkubwa. Plaiwudi za awali ziliunganishwa kwa gundi ya soya na nyinginezo zilizoachia zinapolowa, hivyo hazikufaa kukaa nje. Mwaka 1934 James Nevin, mkemia wa kampuni ya Harbor Plywood mjini Aberdeen, jimbo la Washington, alipata gundi isiyoachia kwa maji. Tangu hapo ukuta wa tela ungeweza kuwa kipande kimoja chepesi cha mbao kinachostahimili mvua.

Plaiwudi ndiyo iliyoamua vipimo vya tela dogo lenye umbo la chozi, lililopendwa katika miaka ya 1930 na 1940. Ubao wa kawaida una futi 4 kwa futi 8. Ubao mmoja uliwekwa kuwa sakafu, na mbili zikakatwa kuwa kuta, mbele zikiwa za mviringo na nyuma zikishuka taratibu. Papi za mbao ziliunganisha kuta hizo juu, kisha paa likapindwa kufuata umbo na kufunikwa kwa alumini. Ndani mlienea godoro la watu wawili tu. Jiko lilikuwa nyuma, chini ya mfuniko uliofunguka kwenda juu: meza fupi, sanduku la barafu na stovu ya mafuta. Mpishi alisimama nje.

Kazi iliyohitaji uangalifu zaidi ilikuwa kupanga uzito. Tela la ekseli moja hutulia barabarani kama sehemu ya uzito wake, takriban asilimia 10 hadi 15, inalalia ndoano ya gari. Uzito ukizidi nyuma, tela huyumba mwendo unapoongezeka na linaweza kulivuta gari nje ya barabara. Kwa kuwa jiko na barafu vilikaa nyuma, mjenzi makini aliisogeza ekseli nyuma ya katikati ya tela. Septemba 1947 jarida la Mechanix Illustrated lilichapisha michoro ya tela la aina hii, wakati alumini na vifaa vilivyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili vikipatikana kwa urahisi.

Ujerumani ilileta njia nyingine. Mwaka 1947 Ben Pon, mfanyabiashara Mholanzi, alichora gari la sanduku lenye injini nyuma, na Machi 1950 Volkswagen ikaanza kulitengeneza. Ndilo gari ambalo katika Afrika Mashariki linajulikana kama kombi. Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ilitoa seti ya kabati na viti vinavyogeuka kitanda, ambayo ingeweza kutolewa: siku za kazi gari likabeba mizigo, na siku za mapumziko likawa chumba. Kombi zilipofika Marekani kwa wingi, wenye magari waliiga mpangilio huo kwa plaiwudi. Wengine waligeuza mabasi ya shule; basi la mwaka 1939 ambalo mwandishi Ken Kesey na wenzake walisafiria mwaka 1964 ndilo maarufu zaidi.

Magari yenye paa la juu, kama Mercedes-Benz Sprinter ya mwaka 1995, yaliwawezesha wajenzi kusimama wima ndani. Paneli za sola sasa huchaji betri ya pili, na taa haziigusi betri ya kuwashia injini. Matundu ya hewa hayana mbadala: jiko likiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na pumzi za walalao hugeuka maji yanayoozesha mbao. Baada ya msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008, Wamarekani wengi wazee walioshindwa kulipia nyumba walihamia kwenye magari ya namna hii, kama Jessica Bruder alivyoeleza katika kitabu chake Nomadland cha mwaka 2017. Kwao kitanda cha plaiwudi si cha likizo tena; ndicho makazi.