Daftari la makosa: toka kipepeo wa 1947 hadi mashine za wingu

BUKAVU – Mama mmoja aliyehama vita anajiandikisha kwa simu ili apate msaada. Anajaza majina ya watoto, namba ya simu na kijiji alikotoka. Anapobonyeza, kwenye kioo panatokea neno moja tu: "Erreur". Anajaribu tena mpaka betri inaisha. Kwake yeye siku imepotea. Na fundi aliye mbali hawezi kutengeneza kosa hilo kama mashine haikuliandika vizuri. Kazi hiyo ya kuandika makosa ina historia ndefu.

Tarehe 9 Septemba 1947, kwenye Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, mafundi wa mashine ya hesabu iliyoitwa Mark II walikuta kipepeo wa usiku amenaswa ndani yake. Walimbandika kwenye daftari la kazi, wakaandika saa, 15:45, na mahali kamili: rilei namba 70, paneli F. Daftari hilo limehifadhiwa mpaka leo katika makumbusho ya Smithsonian. Saa, mahali, chanzo: hayo matatu yalitosha.

Katika miaka ya 1980, Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitengeneza syslog, daftari ambalo kompyuta inajiandikia yenyewe. Lilikuwa na ngazi nane, toka 0, yaani mashine haitumiki kabisa, hadi 7, habari ndogo ndogo za mafundi. Lakini kila programu iliandika ujumbe kwa namna yake. Mtu aliweza kuusoma, ila mashine haikuweza kuupanga. Machi 2009 kanuni iitwayo RFC 5424 iliruhusu kila habari kuwekwa sehemu yake yenye jina.

Wakati huohuo, wazo hilo lilikuwa limeshafika kwetu kwa njia nyingine. Januari 2008, baada ya uchaguzi uliozua machafuko nchini Kenya, Ory Okolloh na wenzake walianzisha Ushahidi, ambapo raia walituma habari za vurugu. Novemba 2008 ilitumiwa pia kwa vita vya mashariki mwa Kongo. Kusema "huko kumeharibika" hakusaidii mtu. Habari yenye mahali, tarehe na aina ya tukio inaweza kuwekwa kwenye ramani na kuhakikishwa.

Siku hizi programu nyingi zinakaa kwenye wingu, yaani mashine za kukodi zilizo mbali. Mashine hizo huwashwa na kuzimwa wakati wowote, na daftari lililo ndani huenda nazo. Ndiyo maana kila mstari unatumwa mara moja kwenye ghala lingine. Kila ombi linapewa namba yake, na namba hiyo inalifuata kila linakopita, kama mzigo unaopanda boti toka Bukavu kwenda Goma na tiketi yake ileile.

Saa nayo ni jambo kubwa. Bukavu ikiwa saa tisa mchana, Kinshasa ni saa nane. Kama kila mashine inafuata saa ya mji wake, kosa moja litaonekana kama mawili. Kwa hiyo mafundi wengi wanaandika saa moja ya dunia nzima, UTC, ambayo iko nyuma ya Bukavu kwa saa mbili.

Lakini si kila kitu kinafaa kuandikwa. Mei 2018 Twitter ilitangaza kwamba maneno ya siri ya watumiaji yalikuwa yameandikwa wazi ndani ya daftari lake, na ikawaomba watu zaidi ya milioni 300 wayabadilishe. Kwa familia iliyokimbia, jina, namba ya simu na mahali inapojificha ni siri kubwa kuliko hiyo. Daftari zuri linaandika kosa, halimtaji mtu.

Mama yule naye anaweza kushika kalamu: saa kosa lilipotokea, ukurasa aliokuwepo, maneno yaliyotokea kwenye kioo, na namba ya kosa kama ipo. Namba yake ya siri asimpe mtu yeyote, hata anayejiita fundi. Akiipeleka karatasi hiyo kwa wahusika, watajua waanzie wapi kutafuta.