Borobudur haikupotea: nani kweli "aligundua" hekalu la Java?

Musafiri mwenye kufika Yogyakarta, kwenye kisanga cha Java katika inchi ya Indonesia, karibu kila mara wanamupatia programu moja: Borobudur, Prambanan, na nyumba ya mufalme. Siku moja tu, telefone inajaa picha. Na mahali fulani kwenye njia atasikia ile sentensi yenye iko mu vitabu mingi: Borobudur iligunduliwa na Muingereza Raffles katika mwaka wa 1814. Sisi wenye tunapenda historia tunapashwa kusimama hapo kidogo. Mutu anaweza kugundua kitu chenye jirani yake anakiona kila siku?

Tuanze na kitu chenyewe. Borobudur iko kilometa 40 hivi kutoka muji wa Yogyakarta, upande wa kaskazini-magaribi, karibu na mulima wa moto Merapi. Ilijengwa kati ya mwaka wa 780 na 830 hivi, wakati wa wafalme wa jamaa ya Sailendra, wenye walifuata dini ya Buddha. Haina chumba cha kuingia na kusali ndani. Ni kilima chenye kuvalishwa mawe: vibaraza 6 vya pembe ine chini, 3 vya muviringo juu, na kule kwenye kichwa stupa moja kubwa. Stupa ni jengo lenye umbo kama kengele. Kuizunguka kuko stupa ndogo 72 zenye matundu, na ndani ya kila moja walikalisha sanamu ya Buddha. Mawe yenyewe ni ya volkano. Walichonga kila jiwe lishikane na lingine, bila simenti. Picha za kuchonga kwenye kuta ni 2 672, na sanamu za Buddha zilikuwa 504.

Zile picha hazionyeshe watakatifu tu. Kuko wapiga ngoma, wachuuzi, wagonjwa wenye wanatunzwa, watu wenye kusengenya, wezi, mashua za baharini. Mwenye kusali alikuwa anazunguka kila kibaraza, hekalu likiwa upande wake wa kuume, anasoma picha kisha anapanda. Ilikuwa masomo ya kutembea kwa miguu.

Katika karne ya 10, wafalme walihamisha makao yao upande wa mashariki ya Java. Juu ya nini? Wanahistoria wangali wanabishana: wengine wanasema ni Merapi, wengine wanasema ni biashara ya bahari. Kisha dini ya Islamu ikaenea, na watu wakaacha kwenda kusali pale. Majivu, udongo na miti vikafunika mawe. Ndiyo hapo vitabu vingine vinasema eti "ilisahaulika."

Lakini tuangalie maandishi ya Wajava wenyewe. Habari zao za wafalme, zenye wanaita babad, zinataja kile kilima mbele Raffles hajazaliwa. Moja inasimulia kuhusu mwasi mumoja mwenye alikimbilia pale katika mwaka wa 1709, na askari wa mufalme wakamukamata. Ingine inasimulia kuhusu mwana wa sultani wa Yogyakarta mwenye alienda pale katika mwaka wa 1757 kuangalia sanamu yenye kuwa ndani ya stupa. Aliporudi, akagonjwa na kufa. Watu walisema ni mahali pa hatari. Sawa, hawakupapenda. Lakini kuogopa mahali hakuko kupasahau. Mutu haogope kitu chenye hajui kama kiko.

Sasa Raffles ni nani? Thomas Stamford Raffles alikuwa gavana wa Java wakati Waingereza walinyanganya kile kisanga mu mikono ya upande wa Waholanzi, kuanzia 1811. Katika mwezi wa 6 wa mwaka wa 1812, askari wake walivamia nyumba ya sultani wa Yogyakarta. Walimuondoa sultani, wakabeba mali, na wakabeba pia maktaba, ni kusema maandishi ya wafalme. Sehemu ya yale maandishi ingali Londoni mpaka leo. Katika mwaka wa 2019, maktaba ya taifa ya Uingereza ilipatia sultani wa sasa kopi za kidijitali za maandishi 75. Kopi, wandugu. Karatasi zenyewe zilibakia kule.

Miaka mbili kisha ule uvamizi, Raffles anasikia kutoka kwa Wajava kama kuko jengo kubwa ndani ya pori. Hakuenda yeye. Alituma enjinia Muholanzi mwenye kuitwa Cornelius, pamoja na wafanyakazi 200. Kwa muda wa miezi mbili hivi walikata miti, walichoma majani, walichimbua udongo. Raffles akaandika kitabu kikubwa juu ya historia ya Java, na jina lake likabakia. Hesabu inakuwa hivi: Wajava walimuambia, watu 200 walichimba, Cornelius alichora, na Raffles "akagundua." Mutu yuleyule mwenye askari wake walibeba vitabu vya Yogyakarta, ndiye anaheshimiwa kuwa alirudishia Java historia yake.

Kisha kufunuliwa, mambo haikukuwa mazuri mara moja. Vichwa mingi vya sanamu vilikatwa na kubebwa. Katika mwaka wa 1896, mufalme Chulalongkorn wa Siam, inchi yenye leo ni Tailandi, alitembelea Java. Serikali ya koloni ya Waholanzi ilimuruhusu abebe magari 8 ya kukokotwa yenye kujaa sanamu na mawe ya kuchongwa. Serikali ilitoa zawadi kitu chenye hakikukuwa chake.

Lakini ile wakati kuko pia Mujava mumoja mwenye jina lake tunapashwa kujua: Kassian Cephas, mupiga picha wa nyumba ya sultani. Katika mwaka wa 1885 walitambua kama chini kabisa ya hekalu kuko picha zingine zenye kufichwa nyuma ya ukuta wa mawe: picha 160 juu ya matendo ya mutu na matokeo yake. Walifungua ule ukuta, na katika 1890 na 1891 Cephas akazipiga picha. Kisha wakafunga tena. Leo musafiri anaona tu kipande kidogo kwenye kona ya kusini-mashariki. Zile zingine tunazijua juu ya kazi ya Cephas.

Muholanzi Theodoor van Erp alitengeneza hekalu kati ya 1907 na 1911, lakini maji ya mvua yaliendelea kulikula kutoka ndani. Kazi kubwa ilifanywa kati ya 1975 na 1982, Indonesia pamoja na UNESCO: walishusha mawe zaidi ya milioni moja, waliyasafisha, waliweka mifereji, wakayarudisha. Katika mwaka wa 1985 watu walitega mabomu, stupa 9 zikaharibika, wakazitengeneza. Katika 1991 Borobudur iliingia katika liste ya urizi wa dunia. Katika 2010 Merapi ilimwaga majivu juu ya kila kitu. Ndugu zetu wa Goma hawahitaji tuwaelezee vile inakuwaga.

Ile kazi ilikuwa na bei, na wenye kulipa walikuwa watu wa vijiji. Ili kufanya bustani ya watalii, familia zenye ziliishi karibu na hekalu zilihamishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Na katika 2022 serikali ilitangaza kwamba kupanda juu ya hekalu kutakuwa franga za Indonesia, rupia, 750 000 kwa raia, na dola 100 kwa wageni. Kwa raia, kuingia ilikuwa rupia 50 000! Walisema wanataka kulinda mawe, juu viatu vya watu mingi vinayamaliza. Sababu ilikuwa ya kweli. Lakini watu wakauliza: mutoto wa mulimaji wa Java atapanda lini hekalu la babu zake? Serikali ikarudi nyuma. Kisha walichagua njia ingine: mwanzoni waliweka watu 1 200 kwa siku wenye kupanda juu, pamoja na muongozaji, wakivaa viatu vya majani vyenye watu wa vijiji vya pale wanasuka. Jiwe linapona, na makuta kidogo inabakia kijijini.

Sisi huku tunajua hii habari. Kisangani, Wagenia walikuwa wanavua samaki kwenye maporomoko mbele Stanley hajapita katika mwaka wa 1877. Lakini kwa miaka mingi karte zote ziliandika jina la mupitaji, hapana la wavuvi.

Kwa hiyo, wewe mwenye unaandika TFC juu ya mahali fulani pa utalii, ao unafungua kampuni ndogo ya kutembeza wageni, usianze na mwaka wenye muzungu alifika. Anza na wenye walimuonyesha njia. Waulize wazee wa pale wanaitaga ile mahali namna gani, wanaogopa nini pale, nani anapata makuta ya kuingia. Andika na majina yao. Wale watu 200 wa Cornelius walikata miti na kuchimba kwa majuma mingi, na leo hakuna mwenye anaweza kutuambia hata mumoja wao aliitwa nani.